Benzi C200 inagonga asubuhi: niipeleke kwa dila au kwa fundi wa Tabata?

Mtoto wa Ukonga: Wakuu, habari za jioni. Nina Benzi yangu nimeichukua mwaka jana, siku hizi inagonga nikiwasha. Dila, wakala rasmi wa Benzi, wameniandikia milioni 6.4. Fundi mmoja yuko Tabata anasema 2.3 kila kitu. Ijumaa ijayo nasafiri Iringa na familia, natakiwa niamue. Mnanishaurije?

Mzee Nati: Benzi ipi? Ya mwaka gani, injini gani, imetembea ngapi, inagonga muda gani? Na hiyo 6.4 ni ya kubadilisha nini? Umetuletea bei bila ugonjwa.

Mtoto wa Ukonga: Samahani mkuu. C200 CGI ya 2010, imetoka Japani. Dashibodi inasoma 118,000. Inagonga asubuhi tu, sekunde tatu nne, kisha inatulia kabisa. Dila wameandika "timing cheni na vinavyohusika".

Dada Spana: Hapo kwenye "vinavyohusika" ndipo pesa ilipo. Injini hiyo ni M271, ugonjwa wake unajulikana: cheni inayozungusha kamshafti (shafti zinazofungua valvu) inavutika na meno ya gia za kamshafti yanalika. Usiku oili inashuka, asubuhi cheni inakuwa imelegea mpaka presha ya oili ipande, ndiyo huo mlio unaousikia. Waulize wote wawili swali moja: gia mbili za kamshafti zimo kwenye hiyo bei? Nina wasiwasi 2.3 ni cheni na tensiona, yaani kikaza cheni, tu.

Msukuma wa Stuttgart: Huku Ulaya tangu 2002 sheria inakuruhusu kufanya sevisi gereji ya nje bila kupoteza dhamana, mradi wafuate maelekezo ya kiwanda. Kwa hiyo dila wasikutishie dhamana.

Mzee Nati: Gari la mtumba la 2010, dhamana gani tena ndugu yangu?

Kisiki cha Mpingo: Mleta mada, nisikilize mimi niliyeungua. Yangu ilikuwa hiyohiyo, mlio huohuo. Nikampa fundi wa uani, kijana mchangamfu, ameajiriwa na maneno. Nilimkuta ameweka alama kwenye gia kwa tipeksi, ile ya kufutia makosa kwenye daftari. Nikamuuliza, vifaa vya kufungia kamshafti zisizunguke viko wapi? Akacheka: "Boss, hizi tunafunga kwa macho." Gia za zamani akazirudisha, akasema bado zina nguvu. Nikalipa milioni 1.6, gari likatulia kama limenyweshwa uji. Wiki tatu baadaye natoka Moro, nafika karibu na Chalinze, nikasikia kitu kama bati linapasuka, injini ikazima. Cheni iliruka meno, pistoni zikapiga valvu. Bredauni kutoka Chalinze hadi Dar laki nne na nusu, usiku, mvua. Silinda hedi nyingine ya mtumba, valvu, gasketi, ufundi, jumla ikapita hata hiyo 6.4 yako. Yule kijana hadi leo simu yake haipatikani.

Dada Spana: Pole sana kaka. Tipeksi jamani!

Fundi Mstaafu: Msitupake matope wote. Huyo hakuwa na vifaa wala adabu. Kuna mafundi wa nje waliokaa kwa dila miaka mingi, wana vifaa vya kufungia na mashine ya kupimia ya maana. Mimi nilimpokea mteja aliyeambiwa na dila mmoja anunue giaboksi nzima kwa sababu inang'ang'ania gia ya pili. Tukafungua, ni ile sahani ya umeme iliyoko ndani. Tukaweka nyingine, tukahamisha data za ya zamani, akaweka oili mpya akaondoka. Na kuhusu spea: cheni ya kampuni ya Iwis ni ya watu haohao wanaowauzia kiwandani. Sanduku lenye nyota ya Benzi unalilipia nyota.

Kisiki cha Mpingo: Sawa mzee, ila kwenye maduka ya spea Gerezani hilo sanduku la Iwis nalo linachapishwa feki.

Fundi Mstaafu: Ndiyo maana unanunua kwa mtu unayemjua, na unaikagua namba kabla ya kutoa hela.

Wanjiru wa Thika: Huku Nairobi makanika mzuri wa Mjerumani anakupigia picha za kazi kwa WhatsApp kila hatua. Akikataa picha, chukua gari yako uende.

Chuma cha Mjapani: Uza hiyo, chukua Toyota Crown Athlete. Utanishukuru.

Mzee Nati: Nilijua tu utatokea.

Chuma cha Mjapani: Crown spea zake hadi Namanyere zipo. Hiyo ya kwenu ukiharibikiwa Mikumi unalala na nyani.

Dada Spana: Na mafuta ya hiyo Crown V6 unanunua wewe?

Chuma cha Mjapani: Ukiendesha kistaarabu lita moja unapata kilometa kumi.

Kisiki cha Mpingo: Ukiishusha mlima Kitonga ikiwa nyutro, labda.

Mtoto wa Ukonga: Wakuu, nimempigia fundi wa Tabata. Gia za kamshafti hazimo. Akiziongeza inafika 4.1. Vifaa vya kufungia anasema anaazima kwa rafiki yake wa Sinza.

Mzee Nati: Anaazima?

Mtoto wa Ukonga: Ndivyo alivyosema. Dila nao wana nafasi Jumatano ya baada ya safari.

Fundi Mstaafu: Iringa nenda na basi.

Chuma cha Mjapani: Au na Crown.

Dada Spana: Samahani kutoka nje ya mada, kuna anayemjua fundi mzuri wa AC Arusha?