Mjadala: Wenye mabwawa ya samaki waruhusiwe kuua yangeyange?

Mfugaji wa Kakuyuni: Naongea kwa uchungu. Tunanunua vifaranga vya tilapia kwa pesa yetu, tunalisha miezi, halafu alfajiri unakuta kingo za bwawa zimejaa yangeyange, hawa ndege weupe wa miguu mirefu. Turuhusiwe kuwaua, au serikali itulipe. Anayewatetea alete jibu, asilete picha nzuri.

Binti Mamburui: Yangeyange yupi, kaka? Kuna mtu huku katega mitego kando ya bwawa lake, na waliokufa ni wale wanaofuata ng'ombe: mdomo mfupi wa manjano, shingo nene, wakati wa kuzaa utosi na kifua hugeuka rangi ya mchanga. Hao wanakula panzi na vyura. Tumeua wasaidizi wa shamba.

Mfugaji wa Kakuyuni: Mweupe ni mweupe tu. Nyinyi wa Mamburui mmezoea kutazama heroe na wageni hapo mlangoni mwa mto Sabaki, hasara ya bwawa mtaijuaje?

Nahodha Ngomeni: Hapo umekosea adabu. Mamburui kuna wavuvi tangu babu wa babu yako. Omba radhi kwanza, ndipo tuzungumze samaki.

Mwalimu Shela: Jamani, tutazame midomo na miguu. Yangeyange mdogo: mdomo mweusi, miguu myeusi, vidole vya manjano. Huyu anakula samaki kweli. Yule mkubwa anakaribia mita moja, shingo ina kona, na pembe ya mdomo wake, pale mdomo unapoishia shavuni, inapita nyuma ya jicho. Wa kati anafanana naye, ila pembe inaishia chini ya jicho. Msiamini rangi ya mdomo peke yake, maana mkubwa ana wa manjano na akifika msimu wa kuzaa unakuwa mweusi.

Nahodha Ngomeni: Mwalimu umemsahau wa pwani. Vidole vyake pia ni vya manjano, na kuna weupe na wa kijivu cheusi, ndege mmoja yuleyule. Nenda hori ya Mida maji ya bahari yakitoka utawaona pamoja.

Kijana Gongoni: Ndege mmoja rangi mbili? Haiwezekani. Huyo mweusi ni yule anayefunika maji kwa mabawa akivua.

Nahodha Ngomeni: Wewe umekulia kwenye mabwawa ya chumvi na bado unabisha? Anayefunika maji ni mweusi mwili mzima. Wangu wa kijivu ana koo jeupe. Kamtazame koo.

Mkulima Jilore: Mnagombania koo na mwizi mmemwacha. Yangeyange anasimama majini, hapigi mbizi. Bwawa likiwa na kingo za wima na maji marefu, hana pa kukanyaga. Anayemaliza samaki katikati ni mnandi, yule mweusi mwenye ncha ya mdomo iliyopinda, anayeanika mabawa kwenye kigingi. Msimchanganye na ndege aitwaye mbizi, ambaye shingo yake ni nyembamba kama nyoka na mdomo wake ni mkuki.

Mfugaji wa Kakuyuni: Na nani alisema sina adabu? Nahodha, nimezaliwa Malindi hii hii, usinifundishe heshima.

Binti Mamburui: Kaka, jibu la Mkulima. Kingo zako zikoje?

Mfugaji wa Kakuyuni: Zimelala. Fundi alichimba hivyo ili watoto wasizame.

Mwalimu Shela: Na sheria tuikumbuke. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza kuua bila kibali, na ndege ni mnyamapori. Utakamatwa kwa ajili ya ndege aliyekuwa akikulia panzi.

Kijana Gongoni: Sheria inamlinda ndege, mfugaji je? Nasema wazi, KWS, shirika la serikali la wanyamapori, waje wagharamie nyavu.

Mkulima Jilore: Nyavu naziunga mkono, ila zivutwe zikaze. Wavu uliolegea unanasa kila kitu, hata bundi.

Nahodha Ngomeni: Nyavu sawa. Radhi bado.

Mfugaji wa Kakuyuni: Asubuhi nilitazama. Mdomo mweusi, vidole vya manjano, wako ukingoni. Wale wa ng'ombe wako kwenye majani, mbali na maji. Mnandi sikumwona. Kwa hiyo nichimbe kingo upya au nifunike wavu? Nani huku anakodisha mashine ya kuchimba, na anatoza kwa siku au kwa saa?