Yule DJ kaichinja Kiss Me Deadly, halafu eti "wamekufa wote"!

Wakuu, jina silitaji, mnamjua. Yule wa sauti ya debe anayetafsiri kila kitu, kuanzia kung fu hadi video za harusi. Safari hii kaishika Kiss Me Deadly, ile filamu ya 1955 ya mpelelezi Mike Hammer, na kaichinja bila hata bismillahi.

Nyumba ya ufukweni inalipuka, moto unatoka madirishani, yeye anapiga kelele: "Na hapo wamekufa wote, mchezo umekwisha!" Wamekufa wote? WAMEKUFA WOTE? Hammer ana risasi mwilini, anajikongoja na katibu wake Velda hadi baharini, wanasimama kwenye maji nyumba ikiteketea. Huo ndio mwisho wenyewe!

Najua mawakili wake watakuja. Ndiyo, hakuanza yeye. Filamu ilipokwisha kutoka, negativu yenyewe, ule mkanda wa asili unaotolewa kopi zote, ilikatwa zaidi ya dakika moja, maneno The End yakabandikwa juu ya moto. Kila kopi iliyozaliwa hapo ikawa kilema, hadi mwisho uliporudishwa 1997. Waliozaliwa mwaka ule leo wanalipa ada za watoto! Yeye kopi yake kaiokota jalala gani? Kupima ni rahisi: peleka mwisho kabisa. The End ikitokea juu ya nyumba inayoungua, tupa. Ikitokea juu ya watu wawili majini, washa maiki.

Na huo mdomo sasa. Kwenye riwaya ya Spillane ya 1952 Hammer anasimulia mwenyewe, mimi nikampiga, mimi nikaingia. Mwongozaji Aldrich na mwandishi wake wa filamu Bezzerides wakaitoa sauti hiyo, tunamtazama jamaa kwa nje, ubabe wake wote na uzito wake wa kuelewa. DJ kairudisha! Mwanzo ule wa mwanamke anayehema garini, maandishi yakishuka kinyumenyume, eti "dada kakosa daladala."

Sauti ya filamu ile ni mono: maneno, muziki na milio vyote njia moja. Ukiishusha ili uongee, umeshusha vyote. Lile sanduku la siri wanalolisaka wote linafunguliwa, ule mngurumo wake haupo, tunamsikia yeye akimeza mate. Si unyamaze tu sanduku likiwa wazi?

"Wamekufa wote." Mtu mzima na ndevu zake.

Bamia Kavu: Punguza jazba mkuu. Kiingilio cha kibanda umiza mia tano, filamu dakika 106. Alichokukata ni kama shilingi sita. Weka namba nikutumie.

Kurasa Mia: Mbona hamsemi la sanduku? Kasema ndani kuna "dhahabu ya Mjerumani"! Kwenye riwaya ni dawa za kulevya. Kwenye filamu ni mambo ya nyuklia, Pat, yule polisi rafiki yake Hammer, anataja kabisa Los Alamos na Trinity, maabara na jaribio la bomu la kwanza la nyuklia. Dhahabu gani inaunguza mkono?

Mleta uzi: Dhahabu ya Mjerumani nilishamsamehe. "Wamekufa wote" simsamehe.

Gia ya Tano: Nyie lieni na sanduku. Gari la Corvette aliloletewa Hammer kama zawadi limetegwa mabomu mawili, moja linalipuka ukiwasha, la pili linangoja mwendo uzidi. Hapo ndipo unajua wanaomwinda si watoto. DJ anasema "gari limeua plagi." PLAGI!

Kurasa Mia: Ungejua riwaya inavyomalizika kwa kiberiti cha gesi usingelia na plagi.

Shombo la Feri: Afadhali yenu. Huku kopi ni ya 4:3, ile picha ya TV za zamani iliyokaribia mraba, wameivuta ijaze TV bapa, gari la Jaguar limekuwa basi la mkoani. Halafu kila dakika kumi tangazo la mikeka.

Gia ya Tano: Chukua rimoti, menyu, picha, ukubwa wa picha, weka 4:3. Pembeni patabaki peusi, usiogope.

Shombo la Feri: Menyu yote ni Kichina.

Bamia Kavu: Hesabu kutoka juu, mstari wa tatu. Ukiingia wa nne utafuta chaneli zote.

Shombo la Feri: Nimeingia wa nne.

Bamia Kavu: 😂😂😂

Gia ya Tano: Tafuta chaneli upya, chagua ya otomatiki. Antena ni ya ndani au ya nje?

Mleta uzi: Jamani, wanasimama kwenye maji, wako hai...

Shombo la Feri: Ya nje. Imeleta chaneli mbili tu, zote za mahubiri.