Kiwanja cha umma kando ya mwendokasi kinageuzwa kituo cha mafuta, sisi wapangaji wa Dar tukaishi wapi?

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Hapa kwetu kuna kiwanja cha halmashauri, kikubwa, unatoka kituo cha mabasi ya mwendokasi unakifikia kwa miguu kabla hujaanza kutoka jasho. Zamani palikuwa na kota za chini. Zikabomolewa, waliokuwemo wakaambiwa wasubiri, na tangu hapo ni uzio wa mabati, majani na gereji za kujishikiza. Sasa limebandikwa tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi: kutoka makazi kwenda biashara. Kituo cha mafuta, na fremu kwa nyuma.

Eneo lile kwenye mchoro wa mipango miji ni la makazi tayari! Kilichotakiwa kubadilishwa ni ujazo tu, yaani wingi wa familia zinazoruhusiwa kwenye eneo: waruhusu ghorofa pale palipokuwa na kota za chini, familia nyingi ziingie. Badala yake makazi yanafutwa kabisa, kwenye ardhi ya umma, ndani ya jiji ambalo kijana mwenye mshahara anaombwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali naye anataka ya mwezi mmoja juu yake.

Sensa ya 2012 iliikuta Dar na watu milioni 4.36. Ya 2022 ikaikuta na milioni 5.38. Milioni moja ya ziada ndani ya miaka kumi. Wamekwenda wapi? Nendeni pembezoni mwa jiji, Chanika, Mbande, Chamazi, Kivule, Madale, muwaulize wanatoka nyumbani saa ngapi. Mama anaondoka mtoto amelala na anarudi mtoto amelala. Halafu mtu aliyekaa ofisini anasema Dar haina ardhi. Ardhi ipo, nyingine ni ya kwetu sote, na iko katikati ya mji ikiota majani.

Na hili si la jana. Mwaka 1914 Wajerumani waliigawa Dar kanda tatu kwa kanuni za ujenzi: kwao nyumba za Kizungu na nafasi tele, Waafrika wakapangiwa upande wao. Waingereza wakaendelea na mgawanyo uleule. Leo tunasema ujazo mdogo, ujazo wa kati, ujazo mkubwa, lakini angalia Oysterbay yenye viwanja vikubwa, angalia Manzese iliyobanana, uniambie ramani ya nani bado inafanya kazi. Tena huo ujazo wetu mpaka leo tunaupima kwa ukubwa wa kiwanja, kana kwamba kila familia itapata kiwanja chake na nyumba yake moja. Ule mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya mwanzo ya 2000 ulifuata fikra hiyohiyo. Watu wakapimiwa Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma, Buyuni. Ukishamsambaza mtu mmoja mmoja mpaka huko, bomba la maji, nguzo ya umeme, barabara na shule navyo vitamfuata huko, na gharama yake tunailipa wote.

Mwendokasi ulianza Mei 2016, Kimara mpaka Kivukoni, kwa fedha za umma na mkopo wa Benki ya Dunia tunaoulipa sisi. Njia ile ndiyo iliyopandisha thamani ya viwanja vya pembeni yake. Kwa hiyo halmashauri inapokaa na kiwanja kando ya njia ile, inakaa na thamani tuliyoilipia. Wa kwanza kufaidika awe mtu anayepanda basi lile kwenda kazini, anayeweza kushuka na kutembea mpaka mlangoni kwake. Kituo cha mafuta kinamhudumia mwenye gari.

Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu Magomeni Kota ipo na inaonekana kwa macho. Ilikuwa ardhi ya manispaa yenye kota za chini, familia 644 zikaondolewa, zikapanga huku na huko takriban miaka kumi, na kwa miaka ya mwanzo eneo likakaa tu bila kujengwa. Hayati Magufuli akaahidi mwaka 2016 kwamba zitajengwa upya, Wakala wa Majengo wakajenga ghorofa, na Machi 2022 Rais Samia akazizindua na waliotolewa wakarudi. Kaya 644 zilizorudi katikati ya mji, karibu na soko, karibu na barabara ya Morogoro! Yalikuwepo malalamiko ya bei ilipofika suala la mpangaji kununua, na yana haki ya kusikilizwa. Lakini hata hayo ni malalamiko ya mtu aliye ndani ya nyumba. Kosa kubwa pale lilikuwa miaka ile kumi, na ndilo hilohilo linalorudiwa mtaani kwetu, tena huku kwetu hata ahadi imeyeyuka.

Najua mtakuja na majitaka. Ni hoja ya kweli, na ndiyo inayonitisha zaidi. Mtandao wa majitaka unafika sehemu ndogo ya Dar, kwingine ni mashimo na magari ya kunyonya. Ukijenga ghorofa juu ya shimo, mvua za masika zikipiga kinyesi kinatembea mtaani, Kariakoo wanajua. Basi mabomba yatangulie, DAWASA, wale wa mamlaka ya maji na majitaka, waitwe mezani kabla ya kupitisha mchoro. Kujenga kwa wingi sehemu moja ndiko kunakofanya bomba liwezekane. Huwezi kulifikisha kwa kila nyumba ya Kivule.

Kuhusu hofu ya ghorofa kuanguka, jengo la Kariakoo la Novemba 2024 liliua zaidi ya watu 20 na sitaki kulipita haraka. Watu wale walihitaji mkaguzi mwenye uwezo wa kusimamisha kazi. Jengo ambalo kiwanja ni cha halmashauri, mkandarasi kaajiriwa na halmashauri na mhandisi ni wa halmashauri halina kisingizio cha kutokaguliwa.

Ninachotaka ni hiki. Tangazo lile liondolewe. Kiwanja kibaki makazi na ujazo wake upandishwe. Ardhi isiuzwe hata robo, ibaki ya umma, mwekezaji akija apewe mkataba wa muda na sisi tuuone. Waliobomolewa wapewe haki ya kwanza, kwa maandishi yenye majina yao. Sehemu kubwa ziwe nyumba za kupanga, kodi ya mwezi kwa mwezi, vyumba vya saizi ya mwalimu, nesi na dereva wa bajaji. Fremu zikae ghorofa ya chini, hakuna aliyekataa biashara. Na wenye kutaka kumiliki, Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ipo tangu 2008, itumike.

Mheshimiwa diwani wetu tulimfuata, akasema suala lipo kwenye vikao. Vikao gani? Mbona mabango ya mwekezaji yameshachapwa?

Mwenye uzoefu wa kuweka pingamizi la mabadiliko ya matumizi ya ardhi anielekeze: barua inapitia ofisi ya mtaa kwanza au inakwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, nakala apewe nani? Tangazo lina tarehe ya mwisho. Saini naanza kukusanya jioni hii nyumba kwa nyumba, wapangaji kwa wenye nyumba.