Kura ya mapema Zanzibar: iondoshwe, au kwanza tufunguliwe mlango wa Mahkama?

MWENYE MADA:
Ndugu zangu, nairudisha mada hii mapema kwa sababu kila uchaguzi tunaigombania wiki ya mwisho, ukishapita tunanyamaza. Sheria ya Uchaguzi ya 2018 imeweka kura ya mapema kwa askari na watendaji wa uchaguzi. 2020 wao walipiga 27 Oktoba, sisi 28. 2025 wao 28, sisi 29. Kinachonikera ni usiku ule wa kati. Huku kwetu Pemba wakala wa chama hukaa kwenye benchi la skuli tangu alfajiri, anaandika namba ya lakiri kwenye daftari lake, hata kula hatoki. Kazi yote ile ina maana gani ikiwa lipo sanduku lililolala bila yeye? Iondoshwe. Bara wanapiga siku moja tu, na askari wao wanapiga.

WA MICHENZANI:
Askari naye ni mpiga kura. Aliyepangiwa lindo Micheweni, Pemba, na kituo chake kiko Fuoni, Unguja, atapiga saa ngapi? Ghana askari wanatangulia siku kadhaa, masanduku yanahifadhiwa, yanahesabiwa pamoja na mengine.

MWENYE MADA:
Ahsante kwa mfano huo, maana Ghana ukiwa na shaka unakwenda Mahkama. Waliopinga matokeo ya urais ya 2012 walisikilizwa kwa miezi, wananchi wakiangalia kwenye televisheni. Walishindwa, lakini walisikilizwa. Kwetu, Katiba ya 1984 inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna Mahkama ya kuuchunguza uchaguzi wake.

Na 2015 hatujaisahau. Tarehe 28 Oktoba Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi mzima, na vituoni kura zilishahesabiwa. Tukarudishwa kupiga 20 Machi 2016, chama cha upinzani CUF kikasusia. Uwezo wa kufuta aliupata wapi? Tulilibishania barazani mpaka koo zikakauka.

Kwa hiyo bado nasema kura ya mapema iondoshwe, ila nikiambiwa nichague kimoja, nachagua Mahkama. Wala msiniambie Katiba haiguswi: 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Katiba ikabadilishwa.

WA CHAKE CHAKE:
Nakuunga mkono, lakini angalieni tarehe. 2020 tulipiga kura 28 Oktoba, Rais akaapishwa 2 Novemba. Jaji atasoma nini ndani ya siku hizo? Malawi walipiga kura Mei 2019, hukumu ya kufuta matokeo ikatoka Februari 2020, Rais yuko madarakani muda wote huo. Kenya kesi ikifunguliwa, kiapo kinasubiri, na Mahakama ya Juu inapewa siku 14. Ndivyo ilivyofuta matokeo 1 Septemba 2017. Basi Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi atakayepeleka hoja apeleke yote mawili: Mahkama ifunguliwe na kiapo kisubiri. Kenya yenye majimbo 290 wanamaliza kwa siku 14, sisi tuna 50. Anayezikataa siku hizo atupe sababu yake hapa.