Tupeane uzoefu: wikendi ya muziki wa bendi na kukutana na tuliosoma nao

Mwana wa Bombo
Jana jioni nilikuwa Wandegeya, hapa Kampala, Uganda, nikisubiri rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, na redio ya kijana anayekaanga chapati ikaanza kupiga rumba ya miaka ile. Nilibaki nimesimama pale hata baada ya kukabidhiwa chakula changu, kwa sababu niliikumbuka Ijumaa tuliyofunga safari ya Jinja, watu 19 tuliomaliza S.4 (kidato cha nne) pamoja, tukasikilize bendi kwa siku tatu na kuonana baada ya miaka 18. Kilomita 80 zilitumaliza jioni nzima nyuma ya malori ndani ya msitu wa Mabira. Tulisimama Najjembe tukanunua gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa vijiti, na tulipofika, wenzetu waliotangulia walikwisha kumezwa na umati. Usiku ule nilicheza kwa muda wa karibu saa mbili mkabala na mwanamume mwenye kipara, tukitabasamiana kila ngoma ilipobadilika, bila kusemezana. Jumapili, ndani ya taksi ya kurudi, ndipo nilipofahamu kwamba ndiye niliyekaa naye dawati moja miaka minne. Aliteremka Mukono. Naomba waliowahi kuyaweka mambo haya mawili katika wikendi moja watueleze yaliyowakuta.

Binti Nsambya
Ni kweli kabisa, kaka. Unarudi nyumbani umewaona wote na hujazungumza na yeyote.

Mzee wa Entebbe
Wanangu, bendi ya Afrigo ilipoanzishwa mwaka 1975 sisi tulikuwa bado tunavaa sare, na bendi hiyo imezeeka pamoja nasi. Kwa hiyo tulipotaka kuonana, hatukwenda uwanjani, bali tulichagua jioni ya Afrigo mahali penye meza na viti, tukafika saa kumi na moja kabla vyombo havijafungwa. Tulizungumza hadi giza lilipoingia. Moses Matovu wa Afrigo alipoanza kupuliza saksofoni, mwenzetu mmoja aliyestaafu kazi ya reli alihamishia mkongojo mkono wa kushoto, akamnyoshea wa kulia mama mmoja ambaye zamani mwenzetu huyo alimwandikia barua muhula mzima bila kujibiwa. Mama yule alisimama. Walicheza wimbo mmoja tu, polepole, na meza nzima tulinyamaza. Kaeni kwenye viti.

Dereva wa Masindi
Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, mimi nashauri kinyume chake, kwa kuwa watu wakishaketi hujigawa kwa vyeo vyao vya leo, wenye magari meza hii na wengine meza ile, ilhali wakisimama kwenye matope wote huwa sawa. Chukueni gambuti, pamba ya masikioni na betri ya akiba ya simu. Na yeyote asianze waragi, ile pombe kali, kabla ya kula posho, yaani ugali.

Mwalimu wa Tororo
Mimi nilialikwa na wenzangu wa chuo cha ualimu kwenye tamasha la Nyege Nyege, linalofanyika upande wa Jinja tangu mwaka 2015, nikakataa kwa sababu ya jina. Mtu anayefundisha Kiswahili atawaambiaje watoto wa shule alikokwenda wikendi? Nasema hivyo kwa uchungu, kwa maana niliwakosa marafiki zangu wote kwa ajili ya neno moja.

Binti Nsambya
Mwalimu, kwa Kiganda neno hilo ni ile hamu ya ghafla ya kucheza ambayo mwili hauwezi kuizuia. Kosa lake ni lipi?

Mwalimu wa Tororo
Kosa ni kwamba tunaishi nchi moja yenye lugha nyingi, na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika katiba tangu mwaka 2005. Anayechagua jina la hadhara na asikilize linavyosikika kwa jirani.

Dereva wa Masindi
Mwaka 2018 waziri wa maadili alijaribu kulizuia tamasha hilo, na mwishowe likafanyika. Mwalimu, nenda ukawaone marafiki zako. Watoto waambie ulikwenda Jinja.

Mama Busia
Samahanini kwa urefu wa maelezo haya, lakini nimeyabeba kwa miaka sita. Sisi tulikuwa 23, kila mmoja alichanga shilingi 60,000, na jumla ya 1,380,000 alikabidhiwa mwenzetu aliyekuwa kiranja wa bwalo, kwa sababu shuleni hakuwahi kumpunja mtu hata kipande cha nyama. Fedha hizo zilikuwa za mahema, chakula na tiketi za siku mbili. Tulikubaliana kukutana Ijumaa saa kumi na mbili jioni kwenye lango la kuingilia. Saa mbili usiku hakuwa amefika, na simu yake ilikuwa imezimwa. Saa nne, bendi ya kwanza ikiwa jukwaani na mvua ikitunyeshea nje ya uzio, mmoja wetu aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba yule bwana ametuibia, kwamba njaa yake ya zamani imemrudia, na wengine kumi na mmoja wakaweka alama ya kukubali. Nilizihesabu. Mimi sikukubali wala sikupinga, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulichanga upya tukaingia. Tulicheza Jumamosi kutwa, na kila tulipopumzika tulimsema. Jumapili asubuhi muuguzi wa hospitali moja ya hapo mjini alinipigia simu, kwa kuwa namba yangu ilikuwa ya kwanza kwenye daftari la mgonjwa. Bodaboda aliyokuwa ameipanda Ijumaa iligongwa karibu na mzunguko wa barabara, akavunjika mguu, na simu yake ikapondeka. Nilimkuta ukumbini, bado ana tope kavu kwenye nyusi. Chini ya mto kulikuwa na kaveera (mfuko wa plastiki) nyeusi iliyofungwa mafundo mawili, na ndani yake fedha zetu pamoja na daftari la shule la kurasa 48, lenye majina yetu 23 kwa kalamu ya buluu na tarehe ambayo kila mmoja alilipa. Alikuwa amelala siku mbili bila kununua dawa ya maumivu ambayo wodi haikuwa nayo, kwa sababu, aliniambia, hizo hazikuwa fedha zake. Kisha akaniuliza kama bendi zilikuwa nzuri.

Nyota ya Arua
Dada, nimesoma mara mbili. Poleni sana.

Kaka wa Mukono
Mama Busia, ninaifahamu habari hii kwa sababu mimi ndiye niliyeandika ujumbe ule. Hukuandika jina langu na ninakushukuru. Lakini ungeeleza pia kwamba nilikuwa nimekopa 60,000 zile, na kwamba watu watatu walikuwa wamenipigia simu kunieleza hivyo hivyo kabla sijaandika. Nilisema kwa sauti yaliyokuwa vinywani mwa wote.

Mama Busia
Ulikopa, ni kweli, na sikulijua hilo. Lakini neno la njaa lilikuwa lako peke yako, kaka yangu. Ni wewe uliyelala naye bweni moja na kufahamu kwamba nyumbani kwao kulikuwa na shida.

Dereva wa Masindi
Aliyekosea alikosea, lakini na utaratibu ulikuwa mbovu. Fedha zikae kwa watu wawili, na mmoja wao asafiri siku moja kabla.

Nyota ya Arua
Wawili watagombana. Kila mtu alipe mlangoni kwa mkono wake.

Mwana wa Iganga
Nilitaka tu kuongeza la kwetu. Mwenzetu mmoja wa Busoga alitutoa uwanjani Jumamosi asubuhi akatupeleka kijijini kusikiliza embaire, marimba makubwa ya mbao. Shimo huchimbwa ardhini, migomba hulazwa kando yake, na mbao nene hupangwa juu ya migomba hiyo, kisha wapigaji huketi pande mbili wakitazamana. Sauti haitoki kwenye spika. Inapita ardhini na kukupanda kupitia miguu, na huku ikiendelea unaweza kumwambia jirani yako neno akakusikia. Tuliongea pale kuliko siku tatu zote. Hata bigwala, yale mabaragumu yetu ya vibuyu, yaliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na ninyi mnapita Iganga mkikimbilia taa.

Mwana wa Bombo
Ndugu wa Iganga, nitakutafuta. Nataka kumleta yule wa Mukono, mwenye kipara.

Kaka wa Mukono
Mama Busia, je, anatembea sasa?

Mama Busia
Anatembea, ila mguu humsumbua wakati wa baridi. Ana duka la vifaa vya shule hapa mpakani. Namba yake ni ile ile ya zamani, aliirudisha. Mpigie baada ya saa mbili usiku, akishafunga.