Hewa ya moto ndo inapanda juu, sasa mbona ziwani radi zinapiga usiku?

mwana_mwalo: Wakuu habari zenu. Shule tulifundishwa jua likichoma ardhi hewa inapata moto inapanda inakuwa mawingu, sawa. Sasa huku Ziwa Victoria wanaovua dagaa wanakutana na radi na mvua kubwa saa nane saa tisa usiku, jua limezama zamani, ila mchana ziwani kweupe tu. Hiyo hewa usiku inapandishwa na nini?

mzee_wa_jiografia: Mkuu hewa haipandi kisa ni ya moto, inapanda kisa ni nyepesi kuliko ya jirani yake. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki nyuzi 24, 25 hivi, so hewa ya ziwani ndo inakuwa ya joto kuliko ya Mwanza au Musoma. Halafu upepo wa nchi kavu unashuka ziwani toka pande zote, unakutana kati huko, na chini ni maji, sasa uende wapi kama sio juu? Mchana inageuka, upepo unatoka ziwani, hewa inapanda nchi kavu na juu ya ziwa inashuka, ndo hapo Kericho, kule Kenya mashariki ya ziwa, wanapigwa mvua ya mawe jioni.

nshomile_halisi: Na juu upepo unasukuma mawingu magharibi, ndo maana Bukoba sisi mvua ni asubuhi asubuhi 😂

dada_K: Kama ya joto inapanda mbona kileleni Kilimanjaro barafu??

mzee_wa_jiografia: Ikipanda inatanuka, na ikitanuka inapoa, bonyeza valvu ya tairi uone upepo unavyotoka wa baridi. Hewa kavu inapoteza karibu nyuzi 10 kila kilomita. Ila yenye mvuke, mvuke ukianza kuwa matone unarudisha joto, inapoa taratibu, inabaki nyepesi inazidi kupanda tu, mawingu ya radi yanapita kilomita 12 kwenda juu.

mwana_mwalo: Aisee nimekupata. Na ule upepo wa baridi unaokuja ghafla kabla ya mvua?

mzee_wa_jiografia: Huo sasa ni hewa inayoshuka. Mvua inaikokota, matone mengine yanakauka njiani yanaipoza, inakuwa nzito inaporomoka, ikigusa maji inasambaa pembeni kwa kasi. Inatangulia mvua, na ndo inapindua mitumbwi, kwa hiyo ukiona wingu jeusi linamulika usisubiri tone la kwanza, geuza mtumbwi urudi nchi kavu hapohapo.