Wapiga besi: amplifaya gani ya transista mnaipenda, na kwa nini?

BesiChumbageni
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga mjini, napiga besi kwenye bendi ya rumba. Kazi zetu nyingi ni harusi na sendofu za kumbini, mara nyingine tunapiga nje kabisa kule Raskazone. Mpaka sasa gitaa langu linaingia moja kwa moja kwenye mixa na kutokea spika za mbele. Mimi niliye jukwaani sijisikii, na mpiga dramu hanisikii. Rumba bila besi na dramu kusikilizana haiendi.

Nataka amplifaya yangu mwenyewe, ya transista. Boksi la spika ninalo moja, inchi 15, omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Bajeti ni milioni moja na nusu, nikibanwa naweza kusogea kidogo. Zilizopo mbele yangu ni tatu:

Peavey TNT ya zamani, kombo yenye spika yake ya inchi 15, inauzwa na kwaya moja hapa mjini. Gallien-Krueger 800RB, hedi peke yake, yaani amplifaya isiyo na spika, iko kwenye mzigo unaotoka Marekani. Ya tatu ni hizi mpya nyepesi za daraja D, ndugu yangu wa Dar anaweza kunitafutia.

Ungeambiwa ubaki na moja tu, ungebaki na ipi? Naomba mniambie na sababu, si jina tu. Natanguliza shukrani.

MzeeWaRumba
800RB, kijana wangu. Hiyo mashine imetoka miaka ya 1980 na mpaka leo watu wanaitafuta. Ndani ina amplifaya mbili: wati 300 za sauti ya chini na wati 100 za sauti ya juu, na wewe mwenyewe unachagua zigawane wapi. Flea, mpiga besi wa Red Hot Chili Peppers, aliitumia miaka mingi. Lakini mimi siipendi kwa sababu ya Flea. Naipendea midi yake, yaani sauti za kati. Ukipiga noti fupi za rumba, zile za kuacha nafasi solo ipite, kila noti inasimama peke yake. Haivimbi wala haiburuzi mkia.

SautiYaMakorora
Transista haina joto, mkuu. Besi ni valvu, zile taa za kioo za kizamani. Ampeg SVT, basi.

FundiWayaNgamiani
@SautiYaMakorora sikatai, SVT ni mashine ya heshima tangu 1969. Ila ina valvu 14 na hedi peke yake inakaribia kilo 40. Valvu zikichoka atazipata wapi hapa Tanga? Mleta mada ameshasema transista, tumsaidie alipo.

Sasa @BesiChumbageni, nisikilize vizuri. Kabla ya kuuliza ipi tamu, uliza ipi inakula umeme wa kwetu. Huku tunatumia volti 230, hezi 50. Mzigo wa Marekani ni volti 120, hezi 60, na wa Japani ni volti 100. Mwambie muuzaji akupigie picha ya nyuma ya mashine, pale penye tundu la umeme na fyuzi. Kama pameandikwa 120 peke yake, usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu. Zipo ambazo transfoma yake ya ndani ina nyaya za ziada na fundi anaweza kuihamishia 230. Zipo ambazo hazina. Hizo utanunua transfoma ya kushusha, na kwa mashine ya wati 300 usishuke chini ya VA 1000, ndicho kipimo cha uwezo wake. Transfoma hiyo ni chuma kizito, utaibeba kila harusi. Iingize kwenye hesabu mapema.

Peavey ya kwaya iendee na fundi mwenye mita. Washa bila kuchomeka gitaa, sauti ukiwa umeifunga yote. Chomoa spika, pima DC, umeme usiobadili mwelekeo, kwenye matokeo. Inatakiwa iwe karibu na sifuri, milivolti chache chache. Ukiona volti nzima nzima, transista ya matokeo imekufa, na ukirudisha spika koili yake itaungua. Kisha zungusha kila kitufe taratibu. Mikwaruzo isikutishe, ni chumvi ya bahari, dawa ya kusafishia inaimaliza. Mwisho fungua nyuma, tazama kapasita kubwa, zile kama kopo zinazohifadhi umeme. Vichwa vyake viwe bapa. Vikiwa vimetuna, shusha bei au ondoka.

Ninachoipendea Peavey ya zamani ni kwamba ilitengenezwa ili ifunguliwe. Kama TNT hiyo ina spika ya Black Widow, sumaku yake inashikiliwa kwa bolti: unaifungua, unabadilisha koni na koili pamoja, unafunga, kazi inaendelea. Na nyingi zina DDT, kisaketi kinachoshtuka amplifaya inapotaka kupasua sauti, kikaibana kabla haijaharibu spika. Mtu anayepiga usiku kucha anahitaji kitu hicho.

DadaWaBesi
Nami napiga besi, kwaya na bendi. Nawaheshimu kaka zangu lakini hamjamuuliza anasafiri na nini. Mimi nina GK (Gallien-Krueger) MB200. Ni daraja D, wati 200 kwenye omu 4, uzito haufiki kilo moja. Inaingia kwenye begi la gitaa, napanda bodaboda, nafika ukumbini sijachoka. Nayo ni transista vilevile, ila transista zake zinawaka na kuzima kwa kasi kubwa badala ya kukaa wazi muda wote, ndiyo maana haichemki na haihitaji vyuma vizito vya kupoozea.

FundiWayaNgamiani
@DadaWaBesi umesema kweli, dada. Neno langu ni moja tu: hizo zikiharibika, mara nyingi unabadilisha ubao mzima, maana vipande vyake ni vidogo mno kwa koleo la solda la kawaida. Kama una fedha ya akiba, sawa.

BesiChumbageni
Asanteni sana. @FundiWayaNgamiani hapo kwenye wati naomba ufafanuzi. TNT wanasema ni wati 150, 800RB 300. Maana yake 800RB itasikika mara mbili?

FundiWayaNgamiani
Hapana. Wati zikiongezeka mara mbili unapata desibeli 3 tu. Sikio linaona imepanda kiasi, si mara mbili. Isitoshe, hizo 300 ni kwenye omu 4. Boksi lako la omu 8 halitazipata zote.

Faida ya wati nyingi kwenye transista iko kwingine. Valvu ikizidiwa inalainika, masikio yanavumilia. Transista ikizidiwa inakata mawimbi kama kwa kisu, na huo mkwaruzo ndio unaochosha watu na kuua spika. Kwa hiyo nunua wati zaidi ya unazohitaji, halafu usizifikie.

Ukitaka kusikika kweli, tafuta boksi la pili la omu 8. Mawili sambamba yanakuwa omu 4: amplifaya inatoa nguvu zaidi, na koni zinazosukuma hewa zimekuwa mbili. Jumla unapata desibeli kama 5. Ila hakikisha mashine imeruhusiwa omu 4, imeandikwa nyuma.

PwaniBagamoyo
Salamu kutoka Bagamoyo. Nimepiga sana nje, huku kwetu tamasha za sanaa ni jadi tangu enzi za Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa. Nje hakuna kuta za kuirudisha besi, inapotea. Kwenye uwanja, ukipandisha kitufe cha besi unaimaliza nguvu ya mashine bure. Waya wa E ukiwa wazi ni hezi 41, na spika nyingi za inchi 15 zinaanza kuishiwa kabla ya hapo. Kinachomfikia msikilizaji na kumwambia hii ni E ni sauti za juu yake, hezi 82 na kuendelea. Pandisha midi, utasikika. Ukumbini chini ya mabati, punguza besi mpaka ukuta uache kuvuma.

Kwa hiyo amplifaya ninayoipenda ni yoyote yenye midi mbili ninazoweza kuzigusa kila moja peke yake. 800RB inazo. Mashine ya ndoto zangu ni Acoustic 360, transista ya miaka ya 1960, wati 200 na spika ya inchi 18 iliyogeuzwa kutazama nyuma ndani ya boksi. Jaco Pastorius, mpiga besi maarufu wa jazi, alipiga nayo. Atakayesema transista haina roho aanzie hapo.

MzeeWaRumba
@PwaniBagamoyo umenena. Na Tanga ya bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz inajua besi. Hata taarabu ya Black Star ilikuwa na gitaa la besi. Mji huu unastahili besi inayosikika.

BesiChumbageni
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Muuzaji wa 800RB amenitumia picha: imeandikwa 120 peke yake. Nikijumlisha transfoma ya kushusha, bajeti imepita. Jumamosi naenda kwa wale wa kwaya na fundi mwenye mita. Kama DC ni safi na kapasita hazijatuna, naichukua TNT, na boksi langu nitaliunga kama spika ya pili ikiwa nyuma pameandikwa omu 4.

FundiWayaNgamiani
Marahaba kwa niaba ya mzee. Spika ya ndani nayo isome kwanza ni omu ngapi. Ikiwa ni 4 tayari, usiongeze boksi. Na waya wa kwenda kwenye boksi uwe waya wa spika, mnene. Usitumie waya wa gitaa, ule wa ndani ni mwembamba, utachemka.

DadaWaBesi
Na ununue na fyuzi za akiba za saizi ileile iliyoandikwa, uziweke kwenye begi la gitaa. Harusi haisubiri duka lifunguliwe.